Meza ya Kiwandani

Mwezi Agosti mwaka jana binti yangu alinipeleka Lamu. Kwa zaidi ya miaka 30 nilikuwa nimewafundisha vijana wa sekondari habari za washairi wa visiwa vile, lakini mguu wangu haukuwa umewahi kukanyaga huko. Jioni ya pili akaniambia, "Baba, leo tutakula kwenye nyumba ya kale. Ilikuwa karibu kuanguka, wakaikarabati, sasa ni mkahawa." Nilikubali, ingawa moyoni niliogopa bei.

Tulipita vichochoro ambamo punda na mtu hupishana kwa adabu, tukafika kwenye daka, yaani kile kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, mbele ya mlango wa nakshi. Kijana aliyetupokea alinipa shikamoo, kisha akauliza, "Mzee, mutakaa kiwandani au mwapenda yuu darini? Leo kiwandani kuna upepo."

Binti yangu alicheka. "Kiwandani? Kwani hapa wanatengeneza nini?"

Mimi sikucheka. Nilishika ukingo wa lile baraza la mawe nikaketi kidogo, nikasingizia magoti.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni huko bara, miaka 3 tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza mwaka 1985, na Kiswahili kilikuwa kimefanywa somo la lazima. Tulijiona kama askari wa lugha sanifu. Katika kidato cha pili nilikuwa na mvulana mmoja kutoka Lamu, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Niliwapa insha kuhusu nyumbani kwao. Yeye aliandika kwamba bibi yake alikuwa akikaa kiwandani kila alasiri, akisuka ukili na kuwasimulia wajukuu hadithi.

Nililizungushia neno lile duara jekundu. Pambizoni nikaandika: "Bibi yako aliajiriwa kiwanda gani?" Hilo lingetosha kuwa kosa, lakini niliongeza jingine. Niliisoma sentensi ile kwa sauti mbele ya darasa. Wenzake walicheka mpaka wakagonga madawati. Yeye aliinamisha kichwa, hakujitetea. Tangu siku ile insha zake zilikuwa safi, sanifu, bila doa na bila harufu yoyote ya kwao. Mwisho wa muhula nilimwandikia kwamba amepiga hatua kubwa.

Basi kijana wa mkahawa akatuongoza. Tulipita tekani, ile sehemu ya kupokelea wageni baada ya mlango, iliyopinda makusudi ili mpita njia asiweze kuchungulia ndani. Kisha paa likaondoka na anga likatufunukia. Ulikuwa ua mdogo katikati ya nyumba, umezungukwa na kuta ndefu, na meza nne zimepangwa chini ya nyota. Hiki ndicho kiwanda. Neno hili ni ndugu wa uwanda na kiwanja. Mahali palipo wazi. Lile jengo la mashine na moshi, nililolijua mimi peke yake, ni moja tu kati ya maana zake.

Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kiingereza na Kiitaliano. Nilipoirudisha mezani bila kuisoma, yule kijana alielewa, akanitajia kwa mdomo: samaki wa kupaka, pweza wa nazi, wali wa nazi, maji ya ukwaju. Yalivyotoka kinywani mwake, majina yale yalinitia njaa. Samaki alikuja akiwa amekolea tui na ndimu, ngozi yake imeshika moto wa makaa. Sijutii shilingi hata moja.

Baada ya kula nilimwomba anitembeze. Mbele ya kiwanda kulikuwa na misana miwili, vyumba virefu vyembamba, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Na nyuma yake chumba cha faragha zaidi, ambacho jina lake ni "ndani" tu. Niliuliza kwa nini vyumba ni vyembamba hivyo. Akanyoosha kidole juu: boriti. Miti ya mikoko ndiyo inayobeba dari, na mkoko haumpi fundi urefu anaoutaka. Ndiyo maana upana wa chumba haupiti sana mita 3. Mkoko ndio uliopima nyumba.

Katika ukuta wa ndani niliona zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa. Miaka yote ile nilipofundisha Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaomboleza majumba ya Pate yaliyobaki magofu, nilikuwa nikieleza vidaka kwa kuchora visanduku ubaoni. Vidaka vyangu vilikuwa kama rafu za duka. Hivi vilikuwa kama ushairi wenyewe: vina vilivyopangwa, na nafasi kati yake.

Kijana alinisimulia kwamba mjomba wake alikuwa mmoja wa mafundi. Walikuta ukuta mmoja umepigwa saruji zamani na mtu aliyetaka kuuimarisha. Saruji ilikuwa imefungia unyevu na chumvi, na mawe ya matumbawe yakaanza kumung'unyika nyuma yake. Ikabidi waibandue yote, wapake chokaa. "Chokaa yapumua, mzee," alisema.

Nilimfikiria mvulana wangu. Ile ndiyo saruji niliyompiga.

Tulipoletewa hesabu, niligeuza karatasi nikaandika nyuma yake: daka, tekani, kiwanda, msana, ndani, zidaka, boriti. Binti yangu aliniuliza ninaandika nini, nami nikamweleza habari yote, hata ile ya kusoma insha kwa sauti. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza jina la yule mwanafunzi. Nilimtajia. Sikuwa nimelisahau.

Sasa atakuwa na miaka zaidi ya 50. Iwapo macho yake yatafika hapa, ajue kwamba neno lake lilikuwa sahihi na mwalimu wake ndiye aliyekosa, na kwamba bibi yake alikaa mahali pazuri kuliko nilivyoweza kuwaza. Nanyi walimu wenzangu mlio bado darasani, na nyinyi malenga mnaohariri tungo za vijana: mkikutana na neno msilolitarajia, kabla ya kulizungushia duara, mwulizeni mtoto amelisikia kwa nani. Huenda akawaambia kwa bibi.