Kamera Tuliyoinunua kwa Macho



Majuma machache yaliyopita, baada ya somo la jioni, kijana mmoja wa kikundi chenu alibaki nyuma akiwa na dola 150 ndani ya bahasha. Yeye na ndugu zake walikuwa wamechanga fedha hizo ili wanunue kamera, wapate kuhifadhi filamu za nyumbani kwao: wazazi wakisimulia, watoto wakicheza, babu akipalilia migomba yake. Akatuuliza: «Mwalimu, tununue ipi?» Hatukumjibu papo hapo, kwa kuwa jibu letu lina historia, nayo si ya kujisifu. Leo tumeona heri tuwasimulie ninyi nyote.

Miaka kadhaa iliyopita sisi pia tulichanga. Mama yetu mzazi alikuwa amezeeka, nasi watoto wake tulitaka asimulie maisha yake mbele ya kamera, hapa Bukavu, siku ambayo ukoo wote ungekusanyika. Sokoni tulionyeshwa kamera ndogo inayong'aa. Ubavuni mwake paliandikwa kwa tarakimu kubwa kwamba yaweza kuvuta kitu cha mbali mara 700. Muuzaji aliielekeza ng'ambo ya barabara, akatuonyesha kibao cha duka kikiwa karibu kama kiganja. Tulilipa bila kuuliza swali la pili.

Siku ilipofika tulisimama mbali, kwenye pembe ya ua, chini ya mwavuli, tukijivunia uwezo ule wa kuvuta. Mama aliketi barazani, chini ya paa la mabati, pamoja na dada yetu mdogo na wajukuu. Mvua ikazidi. Alisimulia karibu saa nzima, na katikati ya maneno yake akataja jambo ambalo hakuwahi kulitaja: jina la mtoto wake wa kwanza, kaka yetu aliyefariki kabla sisi hatujazaliwa. Wakati huo sisi tulikuwa tukitazama kioo cha kamera na kurekebisha ukubwa wa uso wake. Hatukulisikia.

Jioni, tulipoitazama filamu, midomo ya mama ilikuwa ikicheza, lakini mvua ilikuwa imemeza sauti yote. Uso nao ulikuwa vipande vipande kama mkeka uliofumuka. Tulimwomba arudie. Akatutazama kwa upole, akasema: «Mwanangu, jina lile nimekwisha kulisema. Ungekuwa karibu, ungelisikia.» Hakulitamka tena mpaka alipoaga dunia. Jina la kaka yetu tulilipata kwa dada yetu, aliyekuwa ameketi mkekani bila chombo chochote mkononi.

Katika shule ya ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu huanza kwa kuweka lengo la somo, ndipo achague kifaa. Siku ile sokoni tulianza na kifaa. Tangu hapo tumejifunza mambo machache, kwa kuwauliza mafundi na kwa kujaribu wenyewe.

La kwanza ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha hafifu, lakini maneno yasiyosikika hayana dawa. Tafuteni kamera yenye tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje, ambalo kwa kawaida ni la milimita 3.5, pamoja na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera husikia zaidi kilicho karibu nayo: vidole vyenu, upepo, mvua.

La pili ni kuvuta. Kuna kuvuta kwa lenzi, ambako vioo husogea ndani ya chombo na picha hubaki safi. Na kuna kuvuta kwa tarakimu, ambako chombo hukata kipande cha picha na kukitanua tu. Ile mara 700 yetu ilikuwa karibu yote ya aina ya pili. Ulizeni nguvu ya lenzi peke yake. Mara 10 yatosha kwa ua wowote. Na lililo bora zaidi, sogeeni kwa miguu.

La tatu ni gharama zinazofuata bei. Kamera za kaseti za MiniDV, zilizoanza mwaka 1995, hupatikana kwa bei nafuu zikiwa zimekwisha kutumika. Lakini kaseti hubeba kwa kawaida dakika 60, kuihamishia kwenye kompyuta huchukua muda uleule, na kompyuta nyingi za leo hazina tundu lake. Kamera ya kadi ni rahisi zaidi: ikirekodi megabiti 17 kwa sekunde, saa moja hujaza karibu gigabaiti 8, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba kama saa nne. Betri nayo iwe ya kutoka, mpate kuwa na ya pili umeme unapokatika.

La nne ni nuru na utulivu. Anayesimulia asiupe mlango mgongo. Uso wake uelekee kwenye mwanga. Kamera ikae juu ya kiegemeo cha miguu mitatu, nanyi mkae na mzee wenu.

Kijana yule alikuwa na simu njema mfukoni. Tulimshauri asinunue kamera kwanza, bali maikrofoni na kiegemeo, na bahasha iliyobaki airudishe nyumbani. Juzi alituonyesha filamu yake. Jogoo anawika nyuma, babu anacheka, na kila neno lasikika. Kijana mwenyewe anaonekana ameketi kando ya babu, akimenya ndizi.

Filamu yetu ya mvua bado tunayo. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka mama, twaitazama pamoja na dada yetu, naye hutuambia midomo ile inasema nini.