Safari ya Gezaulole na swali tulilolinyamazisha

Msafiri atokaye Mbagala Rangi Tatu kuelekea Kigamboni hupita Kongowe, kisha hushika barabara ya Kibada. Kadiri anavyoiacha mitaa ya Temeke nyuma yake, ndivyo taa zinavyopungua na nyota zinavyoongezeka. Mwisho wa safari yetu ulikuwa Gezaulole, kijiji cha pwani ambacho jina lake, kwa Kizaramo, maana yake ni "jaribu uone". Tulikwenda huko usiku mmoja wa mwezi Machi, vijana kumi na wawili wa darasa la Jumamosi, wazazi watatu, nasi tunaoandika haya. Tulikwenda kulipa deni.

Deni lenyewe lilikuwa hili. Kijana wetu wa miaka kumi na minne alikuwa amesoma habari za sayari ambayo mwaka wake mzima hauzidi saa 18. Akanyoosha mkono darasani: "Ustadh, mtu akiwa huko ataswali vipi sala tano?" Wenzake wakacheka. Nasi, badala ya kuwanyamazisha waliocheka, tukamnyamazisha aliyeuliza. Tulisema swali hilo halina faida, tukaendelea na somo la udhu. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Mama yake akatujia baada ya sala ya Ijumaa, akasema kwa upole: "Ustadh, mwanangu anasema msikitini hapaulizwi."

Maneno hayo yalituchoma, kwani chuoni tulifundishwa kwamba ni kwa elimu ya falaki Waislamu walipanga nyakati za sala, wakaelekea kibla na kuhesabu miezi. Tulimfuata kijana nyumbani, tukamwomba radhi mbele ya mama yake, na tukamwahidi kwamba swali lake litajibiwa chini ya mbingu yenyewe.

Gezaulole tulifika baada ya Isha. Mawingu ya masika yalikuwa yametanda, na kwa muda tulidhani tumepoteza nauli. Ilipokaribia saa tatu yakapasuka upande wa kaskazini. Kati ya buruji ya Jauza na ile ya Asadi iko buruji ya Saratani, hafifu mno, ambayo Mbagala humezwa na taa. Humo imo nyota iitwayo 55 Cancri, inayofanana na jua letu, umbali wa miaka-nuru 41 hivi. Kwa macho matupu iko ukingoni mwa kinachoonekana. Mmoja alisema ameiona, wengine hawakuwa na hakika, nasi hatukubishana nao. Tuliwaambia tu kwamba mwanga waliokuwa wakiutafuta uliondoka huko kabla sisi mwalimu wao hatujazaliwa.

Sayari aliyoisoma kijana huizunguka nyota hiyo. Iligunduliwa mwaka 2004, na mwaka 2015 ikapewa jina la Janssen. Upana wake ni karibu mara mbili ya dunia yetu, na uzito wake karibu mara nane. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye jua. Sayari hiyo iko kilomita milioni 2.3 tu kutoka kwenye nyota yake. Kwa joto hilo mawe huyeyuka. Wanafalaki wanaona kwamba upande wake mmoja huikabili nyota daima: huko ni adhuhuri isiyokwisha, na upande wa pili ni usiku usiokucha. Mwaka 2024 watafiti wanaotumia darubini ya James Webb walieleza kuwa wameona dalili za hewa kuizunguka.

Mzazi mmoja aliuliza yamejulikanaje haya ilhali hakuna aliyefika. Tulimkumbusha kumbikumbi wa masika. Kumbikumbi akipita mbele ya taa, mwanga hupungua kidogo, hata kama wewe uliye mbali humwoni mdudu mwenyewe. Sayari nayo hupita mbele ya nyota yake, na vyombo hupima upungufu huo.

Vijana walishangaa zaidi kusikia kwamba nchi yetu nayo ina nyota iliyoipa jina. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Falaki, ukiadhimisha miaka 100, uliyapa mataifa nafasi ya kuziita nyota na sayari zake majina. Tanzania ilipata nyota WASP-71, katika buruji ya Nyangumi, umbali wa zaidi ya miaka-nuru 1,000. Nyota ikaitwa Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite, kwa jina la kito kinachochimbwa Mererani. Tanzanite hiyo ni pande kubwa la gesi kuliko Mshtarii, nayo humaliza mwaka wake kwa siku zisizotimia tatu.

Ndipo tukalirudia swali. Wanazuoni wamekwisha kuzungumzia nchi za karibu na ncha za dunia, ambako jua huweza kukaa wiki nyingi bila kuzama: watu wa huko hukadiria nyakati zao, au hufuata nchi iliyo jirani. Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipaa hadi kituo cha anga kinachoizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku. Wanazuoni wa kwao walikuwa wamemwandalia mwongozo: sala ni tano kwa kila saa 24, nyakati zifuate mahali alikoanzia safari, na kibla ni kwa kadiri ya uwezo. Swali tuliloliita halina faida lilikuwa limekwisha kukalisha wanazuoni kikao.

Tukiwa njiani kurudi, kijana alituuliza kama kwenye Tanzanite mwezi huandama. Tulimjibu kwamba hatujui. Akaliandika swali katika daftari lake, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuketi.

Wazazi wenzetu, na hasa walimu wenzetu, mtoto akiuliza jambo tusilolijua, kusema "sijui, tutafute pamoja" hakutupunguzii heshima. Kumnyamazisha ndiko kunakotupunguzia watoto. Wallahu a'lam.