Gari Huishi kwa Wenzake

Juu ya kabati la marehemu baba, nyumbani kwetu Usagara, Tanga, kuna gurudumu la meno la shaba nyeusi. Ukubwa wake ni kama sahani ndogo. Meno yake yamelika: mengine yamekuwa membamba kama wembe, mengine yamebaki vibutu. Mgeni akiliona hudhani ni pambo. Sisi tunajua kuwa hicho ndicho chombo kilicholisimamisha gari la baba, na tangu siku hiyo halijatembea tena.

Gari lenyewe liko uani, chini ya mwarobaini, magurudumu yake yameshalala. Ni Peugeot 404. Wazee wa Tanga waliiita Pijo, na walilitamka jina hilo kwa heshima. Ufaransa walianza kuyatengeneza magari hayo mwaka 1960, yakatoka zaidi ya milioni 2.8. Kwetu Afrika Mashariki yalijipatia jina kwenye vumbi. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mbio za East African Safari kwa 404 miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967. Baba alilinunua lake mwaka 1974 kwa mtu wa shamba la mkonge aliyekuwa akihama nchi. Leva ya gia iko kwenye usukani, na mpaka leo ukifungua mlango utasikia harufu ya petroli, ngozi ya siti na ubani ambao mama alizoea kuutia kwenye nguo zake za safari.

Gari hilo lilibeba maharusi na wagonjwa. Lilikwenda Pangani kwa barabara ya vumbi, likapanda Amani kipindi cha mvua, likarudi na mafenesi na mdalasini. Lilipeleka majeneza mazikoni, na mama mmoja jirani yetu aliwahi kukaribia sana kujifungulia ndani yake kabla ya kufika hospitali ya Bombo. Sisemi haya ili kulisifia gari. Nasema ili ieleweke kwamba chombo kikitumika miaka mingi huwa sehemu ya ukoo, na kikisimama, kuna mambo katika ukoo yanayosimama nacho.

Kilicholiweka gari hilo barabarani hakikuwa fedha, maana baba hakuwa nazo. Ilikuwa mikono ya fundi mmoja wa Ngamiani aliyefanya kazi chini ya mwembe, katika moja ya zile barabara zenye namba. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa Februari 1977, spea zilizozoea kutoka Mombasa zilikatika. Ikafuata vita ya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, na mpaka haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Miaka hiyo yote fundi yule alichonga bushi kwa mpira wa tairi, akakata gasketi kwa karatasi ngumu, akafufua klachi ambayo wengine wangeitupa. Na gari lililokufa halikuzikwa: liligawiwa kama mirathi. Huyu alipewa altaneta, yule mlango, mwingine kioo cha nyuma. Kila Pijo iliyotembea Tanga ilikuwa na kipande cha Pijo nyingine iliyokwisha.

Siku moja, nikiwa kijana, nilikuwa namshikia fundi taa wakati amelala chini ya gari. Akaniita nisogee, akanionyesha difu iliyo wazi. Magari mengi yana chuma kinachosagana na chuma. Difu ya 404 haiko hivyo. Ndani yake kuna chuma mfano wa skrubu nene, nacho kinazungusha gurudumu la shaba nyeusi, taratibu, bila kelele. Akaligusa lile gurudumu kwa kidole, likang'aa chini ya oili kama pete.

“Mwanangu,” akaniambia, “hii shaba ina oili yake. Oili ya difu za kawaida ina dawa inayoila. Usiitie, hata ukipewa bure.”

Nikaitikia, “Ndiyo, mzee.” Sikuandika popote. Wala yeye hakuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulidhani maneno hayo ni ya wenye maduka tu.

Fundi yule alifariki mwaka 2006. Tulimzika alasiri, na waliobeba jeneza wengi walikuwa wenye magari. Wanawe walikuwa wameshashika kazi nyingine, na vyombo vyake viligawanywa. Miaka michache baadaye gari letu lilihitaji kubadilishwa oili, tukalipeleka kwenye gereji nyingine. Hatukumwambia fundi mpya neno lolote kuhusu ile difu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka. Mimi niliyeambiwa nilikuwa safarini. Akatia oili anayotia kila siku kwenye magari ya Japani, akafunga, akatuaga kwa wema.

Haikupita muda mrefu, gari likaanza kutoa mlio wa kusaga. Tukitoka mazikoni Muheza, lilisimama Pongwe. Injini inaunguruma, gia inaingia, magurudumu hayaendi. Tulilivuta kwa kamba mpaka nyumbani. Difu ilipofunguliwa, oili ilikuwa imejaa vumbi la dhahabu. Lilikuwa ni lile gurudumu, limesagika likawa unga.

Nilibeba gurudumu hilo kwenye mfuko nikaanza kutafuta mwenzake. Nilifika Gerezani, Dar es Salaam, ambako watu husema usichokipata hapo hakipo. Mzee mmoja aliligeuzageuza mkononi, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole. Nilivuka Horohoro nikaenda Mombasa, na ndugu akaniulizia Nairobi, barabara ya Kirinyaga. Jibu lilikuwa moja: spea za Peugeot 504 unaweza kubahatisha, za 404 zimekwisha. Na difu ya 504 ina meno ya namna nyingine. Fundi wa kuchonga vyuma alilipima, akasema shaba nyeusi anaweza kuipata, ila meno yale yamekatwa kwa mkunjo unaofuata ile skrubu, na mashine yake haina kisu cha kuyakata.

Hatimaye lilipatikana Ufaransa, tena lililotumika. Bei yake, ukijumlisha usafiri na ushuru, ingenunua pikipiki mpya. Nikaelewa kwa nini. Magari ya saluni ya 404 yaliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1975, na hakuna kiwanda kinachotunza kalibu kwa ajili ya wateja wachache kiasi hiki. Kilichobaki duniani ni kile kilichobaki, nacho kinagombewa na watu wa Ulaya wanaolipa kwa euro na wanaolitoa gari lao Jumapili kuota jua. Samaki akipanda bei, wavuvi hutoka wengi, na kesho huenda bei ikashuka. Spea ya namna hii haina bahari ya kurudia. Kila moja inayouzwa inapandisha bei ya iliyobaki.

Tazama Land Rover za zamani. Nyingine zina umri wa Pijo yetu au zaidi, na bado zinapanda milima ya Usambara. Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha zaidi ya 1,000 kwa siku moja. Spea zake zinaendelea kutengenezwa kwa sababu wanaozihitaji ni wengi, na mwenye kiwanda anajua atauza. Gari huishi kwa wenzake. Likibaki peke yake, hata liwe zima kiasi gani, limeshaanza kufa.

Niliporudi nyumbani na habari ya bei ya Ufaransa, baba alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, “Ile ya ami yenu ilikuwa na difu nzima.”

Sikuwa na jibu. Ami, mdogo wake baba, alikuwa na 404 yake iliyoharibika injini, na alipofariki iliachwa nyuma ya nyumba yetu. Kuku walitagia kwenye siti zake, watoto walicheza udereva. Baba alipolazwa, sisi wanawe tuliona ni uchafu. Tukamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mzani na mtungi wa gesi, na kabla ya adhuhuri lilikuwa vipande juu ya mkokoteni. Nakumbuka alivyoipasua difu kwa nyundo, akaitoa shaba na kuiweka kando kwenye ndoo, maana shaba ina bei yake. Nilisimama pale nikimtazama. Nilikiona chombo ambacho baadaye ningekitafuta nchi mbili, nami nikapokea fedha yake kwa kilo.

Baba hakutulaumu hata mara moja. Alipopona alilikuta eneo limefagiliwa, akauliza, akaambiwa, akanyamaza. Laiti angetugombeza. Alifariki gari lake likiwa limesimama, na siku ya mazishi yake tulikodi gari la watu.

Nimekuwa nikiutafakari msiba huu mdogo ulio ndani ya msiba mkubwa. Nilidhani tulipoteza gari kwa sababu dunia imekwenda mbele na vitu vimepanda bei. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni yetu. Tulipoteza neno la fundi kwa kutoliandika, kisha tukapoteza spea kwa kuiita uchafu. Bei ya Ufaransa ilikuja mwisho kabisa, tulipokuwa tumeshajinyima sisi wenyewe. Wazee walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Sisi hata msala haukuwa umepita.

Hewa ya bahari ya Tanga haina subira na bati. Kila mwaka kutu inapanda milangoni, na sijui lini sakafu itatoboka. Nimelifunika kwa turubai, na nimeandika kwenye daftari kila nilichokumbuka kutoka kwa fundi yule: oili ya difu, nafasi ya plagi, jinsi ya kuisikiliza klachi. Ni kurasa kumi na moja tu. Alikuwa na elimu ya miaka arobaini.

Kwako msomaji uliye na fundi mzee aliye hai: mpelekee daftari wiki hii, kaa naye, andika. Na kama uani kwako kuna gari lililolala, kabla hujamwita mwenye mzani, ulizia kwanza nani mjini bado anaendesha mwenzake. Mpe difu, mpe mlango, mpe hata taa moja. Kinachobaki ndicho kiende kwenye kilo.