Deni lililofungiwa ndani ya simu

Kabla ya jeneza la kaka yetu kuswaliwa, imamu alizielekea safu akatoa tangazo ambalo Waislamu wa pwani tumelizoea: mwenye kumdai marehemu aifikie familia, na mwenye kudaiwa naye asinyamaze. Sisi ndugu zake tulikuwa safu ya mbele. Tulilisikia kama linavyosikika siku zote, kuwa ni sehemu ya mazishi, wala haikutupitikia kwamba kwa miezi minne tungekuwa tunalijibu kila siku baada ya Alasiri, barazani kwa marehemu, bila karatasi hata moja mkononi.

Kaka yetu alikuwa na duka la vitambaa na ushonaji Ngamiani, Tanga. Alifariki katikati ya mwezi wa Shaabani, mafundi wake wanne wakiwa wameinamia cherehani kwa kazi za Idi. Watu walikwisha kutoa vianzio vya kanzu na magauni. Baadhi ya vitambaa vilikuwa vimechukuliwa kwa mali kauli kwa mfanyabiashara wa jumla wa Dar es Salaam. Na akina mama wa mtaani, kama ilivyo ada, walikuwa wamekopa doti za khanga na vitenge kwa ahadi ya kulipa kidogo kidogo. Yote hayo kaka aliyaandika. Hakuwa mzembe hata kidogo. Aliyaandika kwa uangalifu katika programu ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya simu yake, na simu ile ilifunguka kwa alama ya kidole chake na kwa neno la siri alilolijua peke yake.

Fundi wa simu tuliyempelekea alitueleza kwamba anaweza kuifanya iwake upya kama iliyotoka dukani, lakini kila kilichomo kitafutika. Tukairudisha nyumbani. Ingali kabatini hadi leo.

Yule mfanyabiashara wa Dar es Salaam hakututaabisha. Alikuja na daftari lake lenye saini ya marehemu, tukamlipa siku ileile. Wateja wa Idi walikuja wengine na vipande vya karatasi, wengine na vinywa vyao tu. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema ametanguliza Sh 80,000 kwa kanzu nne za wajukuu. Fundi alikumbuka kanzu tatu. Tungefanyaje? Mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, hilo tunalijua, lakini kulitamka mbele ya mzee wa mtaa, mjane akiwa ndani ya eda na kusikia kila neno kupitia pazia, si jambo jepesi. Zile tatu zililipwa katika mali ya marehemu, ya nne tukaichangia mifukoni mwetu. Kwa upande wa pili, wa wale waliodaiwa na marehemu, palikuwa na ukimya. Hatumdhanii mtu vibaya. Aliyekopa doti moja miezi sita nyuma huenda kweli alisahau. Lakini mali ile haikuwa yetu hata tuwasamehe. Kaka yetu ameacha watoto watatu, kijana aliye chuoni na mabinti wawili wadogo, na kila shilingi isiyokusanywa ilikuwa imetoka katika haki ya mayatima.

Siku zile tulilikumbuka sana daftari la baba. Baba alifariki miaka mingi kabla ya hapo, akaacha kaunta buku la jalada gumu lililonuka mafuta ya taa, kurasa mbili tatu zimeliwa na mchwa. Ami yetu alikaa nalo baada ya Isha, akalisoma, na kabla ya siku ya arobaini hapakuwa na deni lililosalia. Baba hakujua kompyuta. Alichokiandika kilisomwa na yeyote aliyejua kusoma, basi.

Msomaji atauliza kwa nini hatukurejea kwenye kaunta buku tukamaliza. Tulilifikiria hilo. Lakini duka la leo lina vipimo vya mamia ya wateja, na mama aliyehamia Muheza hutuma ujumbe akitaka baibui kwa vipimo vilevile vya mwaka juzi. Lina picha za mishono. Lina mafundi nyuma na muuzaji mbele, na wote wanahitaji kuona jambo moja kwa wakati mmoja. Na daftari nalo halina usalama. Masika ya Tanga yanapoingia na bati likavuja, wino hauombi ruhusa kuondoka.

Wifi yetu alipotoka eda tulikutana nyumbani kwa mama. Kijana wa marehemu ndiye aliyeleta orodha ya programu za bure. Alitueleza vizuri, tena kwa adabu, akituonyesha moja moja katika simu yake. Tulivutiwa na kila tuliyoonyeshwa, kwa sababu zote hupendeza zikiwa tupu. Ami yetu, aliyekuwa akisikiliza huku akivuta tasbihi, aliuliza swali moja.

"Mwanangu, mimi sijui haya mambo yenu. Nikifa usiku huu, kesho asubuhi nani atakisoma kitabu hiki?"

Kijana alinyamaza. Tangu hapo tulilifanya swali lile kuwa ndilo la kwanza, na mengine yakaja nyuma yake.

Neno "bure" nalo lilituhitaji kulitazama kwa makini zaidi kuliko tulivyozoea. Evernote, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa jina kubwa katika kazi hii, ilinunuliwa na kampuni ya Kiitaliano, na mwishoni mwa 2023 toleo lake la bure likawekewa mpaka wa kumbukumbu 50 na daftari moja. Mwenye kumbukumbu zaidi aliachiwa azisome na azitoe, lakini hawezi kuongeza mpya bila kulipa. Kampuni ina haki ya kupanga bei ya mali yake. Ila sisi tulijifunza kwamba cha bure cha leo ni ahadi ya mwingine, naye aweza kuibadili, na kwa hiyo pa kuingilia pasitushughulishe kuliko pa kutokea. Tuliuliza kila programu: siku tukitaka kuondoka, tutatoka na vitabu vyetu? OneNote ya Microsoft ilitupendeza kwa wingi wa kurasa zake, lakini muuzaji wetu alipotea humo mara mbili akitafuta kipimo cha mkono, na mteja amesimama. Notion ni nzuri kwa ofisi yenye meza. Kwa mtu mwenye mita shingoni na mkasi mkononi ni mzigo.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya siri. Madeni ya watu ni aibu zao. Mke aliyekopa kitenge bila mumewe kujua ametuamini sisi, na jina lake katika kitabu chetu ni amana. Ndiyo maana kijana alielemea Standard Notes, ambayo hata toleo lake la bure huyafunga maandishi kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma. Alilieleza kwa furaha, na ni sifa kubwa kweli. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kwa sababu hiyohiyo mwenye kulipoteza neno la siri hana wa kumwendea. Kampuni haiwezi kumfungulia. Wifi yetu alimtazama mwanawe. Hakusema kitu, naye kijana akaiweka simu chini.

Hatusemi kwamba kufuli kali ni baya. Daktari au wakili pengine halina budi kwake. Sisi tulikwisha kukaa miezi minne nje ya kufuli la namna hiyo, na hatukuwa na moyo wa kulinunua jingine, hata kwa bure.

Tuliishia kwenye Google Keep, programu nyepesi kupita zote tulizoonyeshwa. Huandika hata bando likiisha, kisha huyapeleka maandishi mtandao ukirudi. Watu wawili watatu huweza kuona kumbukumbu moja. Hupokea picha. Na Google hutoa njia ya kupakua vyote vilivyomo kwa pamoja. Haikufungui kama ile nyingine, lakini tulifanya jambo ambalo marehemu hakulifanya: akaunti ni ya duka, haikufunguliwa kwa jina wala simu ya mmoja wetu. Neno lake la siri limeandikwa kwenye karatasi, likatiwa katika bahasha, bahasha ikagundishwa na kuwekwa kwa mama pamoja na wasia wa kila mmoja wetu. Maana tulipofika hapo ami alitukumbusha hadithi inayomkataza Muislamu mwenye cha kuusia kulala siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa, na ikabainika kwamba kati yetu sote ni mama peke yake aliyekuwa nao.

Google ina utaratibu wa kumteua mtu wa kupewa yaliyomo katika akaunti mwenyewe asipoitumia kwa muda. Tumeuweka, na aliyeteuliwa ni dada yetu. Lakini muda mfupi kabisa unaoruhusiwa ni miezi mitatu, nao hauko mbali na eda nzima. Deni la maiti halingoji hivyo. Bahasha ya mama ndiyo tunayoitegemea. Utaratibu ule ni wa siku ambayo hata bahasha imepotea, na tuliufanyia haraka kwa sababu akaunti iliyokaa miaka miwili bila kutumiwa Google huweza kuifuta.

Baada ya programu kupatikana ndipo tulipoirudia aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na ambayo yote ni juu ya deni na maandishi yake. Tuliisikia mara nyingi. Safari hii tuliisoma kama watu wenye duka. Inaamrisha kuandika deni dogo na kubwa pamoja na muda wake, na kuweka mashahidi. Na inawapunguzia watu biashara ya mkono kwa mkono, kwamba hiyo si lazima iandikwe. Hapo tulipumua, kwa kuwa tulikuwa tumeanza kuandika hata vifungo vilivyouzwa taslimu. Lakini lililotushangaza ni kwamba mwenye kumtajia mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa. Duka linaandika, mteja ndiye anayetamka. Sasa ndivyo tufanyavyo: mteja hutaja deni lake na siku ya kulipa, muuzaji huandika, humgeuzia kioo alisome, kisha humtumia maneno yaleyale kwa ujumbe. Deni moja linakuwa katika mikono miwili.

Kuna kasoro moja ambayo daftari la baba halikuwa nayo. Wino ukikatwa, mkato hubaki; katika simu mstari hufutwa na jicho lisione kwamba palikuwa na kitu. Tumekatazana kufuta. Aliyelipa huandikiwa chini yake "limelipwa" na tarehe. Na kila Alhamisi baada ya Alasiri, madeni yote yaliyosimama hunakiliwa katika kaunta buku, muuzaji na fundi mmoja wakatia saini. Kijana alitucheka kidogo kwamba tunaandika kitu mara mbili. Siku hizi yeye ndiye anayekumbusha.

Mwezi wa tatu wa utaratibu huu mama mmoja alishuka kutoka Pongwe, mvua inanyesha, akauliza kama hapa ndipo kwa marehemu. Alikuwa na Sh 60,000 zimefungwa katika pindo la khanga. Alisema alichukua vitenge kwa kaka yetu kabla ya Ramadhani, akaugua, na habari ya msiba ameipata juzi. Hatukuwa na jina lake popote. Tulimwambia hivyo, ili ajue. Akasema yeye anajua.

Aliutaja mkopo wake, muuzaji akauandika, na chini yake akaandika "limelipwa". Tulipomfungulia kaunta buku atie saini alisema hajui kuandika, basi fundi akamletea kidau cha wino, naye akabonyeza dole gumba pembeni ya jina lake. Jioni kijana wa marehemu aliigawa ile pesa mbele ya ami: Sh 7,500 thumuni ya mjane, Sh 10,000 sudusi ya mama, Sh 21,250 zake yeye mwenyewe, na Sh 10,625 kwa kila mmoja wa dada zake wawili. Sisi ndugu hatukuwa na fungu, kwa kuwa marehemu ana mtoto wa kiume. Mama alizipokea zake, akazihesabu mara mbili, akaziweka chini ya mto ilipo ile bahasha.