Mungu Humvisha Mtu Kabla ya Kumtuma



Nawasalimu asubuhi hii ya Jumatatu, hasa ninyi dada zetu ambao saa hizi mko kwenye foleni ya matatu Kangemi, Kawangware na Uthiru mkielekea mjini kazini. Neno la leo ni lenu. Ndugu nao wasome, maana kosa nitakalolisimulia ni la upande wetu.

Somo: Zekaria 3:1-7.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuitwa kwenye huduma nilikuwa fundi wa nguo. Nilishona miaka tisa, kwanza chini ya mzee mmoja karibu na River Road, baadaye kwenye kibanda changu hapa Kangemi. Vitambaa nilinunua Biashara Street. Nimekata suti nyingi, za wanaume na za wanawake. Kwa hivyo nikizungumza juu ya suti, sizungumzi kama mgeni. Lakini leo nakiri kwamba kwa miaka mingi nilijua kulikata koti kuliko nilivyojua kumheshimu aliyelivaa.

Mnakumbuka Novemba 2014. Wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani kwenye stegi ya matatu katikati ya jiji letu, wakidai amevaa vibaya. Video ikasambaa. Tarehe 17 mwezi huo wanawake walikusanyika Uhuru Park, wakaandamana mjini wakisema mavazi yao ni uamuzi wao. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha mabadiliko ya sheria, na kumvua mtu nguo namna ile kukatajwa wazi kuwa kosa la jinai.

Jumapili baada ya maandamano hayo nilisimama madhabahuni. Ningeweza kuwaombea wanawake wa jiji hili. Badala yake nilihubiri juu ya mavazi.

Katikati ya mahubiri macho yangu yakamwangukia dada mmoja wa kwaya, wa miaka kama 23. Alikuwa amevaa suti ya suruali, ya kijivu, imemkaa vizuri. Alifanya kazi ya mapokezi Westlands, na zamu yake ya Jumapili ilianza saa nane mchana. Alikuja nyumbani mwa Bwana akiwa tayari kwenda kazini. Nikasoma Kumbukumbu la Torati 22:5, kisha nikamwambia mhudumu ampelekee leso ajifunge. Kanisa lote likageuka kumtazama. Akajifunga. Akaketi hadi mwisho wa ibada. Hakurudi tena.

Wale wa stegini walimvua mwanamke, mimi nilimfunika. Sisemi ni sawa. Wao walitumia mikono na nguvu. Lakini aibu ile ilikuwa ya ukoo mmoja: mwanamke mmoja amesimama, watu wengi wanamtazama, na mwanamume amejifanya hakimu wa mwili wake.

Niliendelea na huduma. Sikulifikiria sana jambo hilo. Mungu ndiye aliyelifikiria.

Mwaka juzi binti mwingine wa kanisa letu, aliyemaliza diploma ya uhasibu, aliitwa kwa mahojiano ya kazi Upper Hill. Alikuja kuniona Jumatano jioni. Nilidhani anataka tuombe. Akainamisha kichwa, akauliza, "Pasta, nikivaa suruali siku ya mahojiano, nitakuwa nimefanya dhambi?"

Mpendwa, nilinyamaza. Mtoto wa watu amesoma kwa shida, mama yake anauza mboga, mahojiano ni Jumatatu, na akili yake haiko kwenye hesabu. Iko kwenye suruali. Nikamuuliza mawazo hayo ameyatoa wapi. Akasema, "Nilikuwa shule ya Jumapili siku ile ya leso."

Nikajua mzigo huo nilimtwika mimi.

Basi nikamwambia jambo ambalo kila fundi analijua. Andiko lile linakataza mwanamume na mwanamke kubadilishana mavazi. Siku zile wote walivaa mavazi marefu, na bado la kike na la kiume yalijulikana. Hata leo yanajulikana. Chukua koti la kike ulifunge: upande wa kulia hulala juu ya wa kushoto. La kiume ni kinyume chake. Suruali ya kike hukatwa kwa kufuata kiuno na nyonga za mwanamke, na mwanamume akiivaa haimkai. Mafundi walishaweka tofauti zamani, mimi mhubiri ndiye niliyekuwa sijaiona. Nikamwambia, "Binti yangu, sketi au suruali, chagua ile utakayoifanyia kazi kwa heshima na amani. Dhambi haipo hapo. Jumamosi tutatafuta suti."

Jumamosi tulikwenda Toi, mimi, yeye na Mama Mchungaji, ambaye amefanya kazi ya ofisi mjini miaka mingi. Tuliingia kutoka upande wa Adams Arcade mapema, kabla kamera hazijaisha. Ndivyo wauzaji wanavyoziita nguo nzuri zinazochaguliwa kwanza robota likifunguliwa. Nawaandikia tuliyomfundisha, maana najua kuna dada anayesoma hapa na ana mahojiano wiki hii.

Kwanza, ujue mahali unapokwenda. Kila nyumba ina sheria yake. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti za Kaunda hazitakubaliwa bungeni, na kwamba sketi na magauni yawe chini ya magoti. Benki ina yake, shirika la vijana lina yake. Ukiweza, pita hapo siku moja kabla, saa ya watu kutoka kazini, uwatazame wanawake wanavyovaa. Kisha vaa kama wao, ukizidishe unadhifu kidogo.

Pili, anza na bega. Mshono wa bega ukomee pale mfupa wa bega lako unapoishia. Kiuno kinaweza kupunguzwa na mkono kufupishwa, lakini kulirekebisha bega ni kulifumua koti. Nunua linalokaa begani, mengine mwachie fundi.

Tatu, kijaribu kitambaa. Kikunje kwenye ngumi, hesabu hadi kumi, achilia. Kikibaki na makunyanzi, utashuka kwenye matatu ukionekana umelala na suti. Geuza ndani uangalie bitana chini ya kwapa. Kisha toka nje ya kibanda uangalie kwenye mwanga. Kikimeremeta viwikoni na makalioni, kimechoka, na pasi haitakiponya. Na kama koti na suruali umezitoa vibanda viwili, ziweke pamoja juani, maana bluu mbili zinazopatana kibandani huweza kugombana nje.

Nne, jaribu mwendo. Inua mikono kama unayeshika chuma cha matatu. Keti. Inama uokote kalamu. Piga hatua kubwa kama unayepanda gari linaloondoka. Kikikubana au kufunguka, kiache, hata kiwe kizuri namna gani. Suti ya kazi ni ile unayoisahau ukishaivaa, ili akili yako ifanye kazi nyingine.

Tano, urembo. Hapa nilimwachia Mama Mchungaji. Alichagua bluu ya giza, akasema bluu hiyo, kijivu na nyeusi hazimwangushi mtu. Binti akauliza kama basi lazima aonekane kama kila mtu. Mama akacheka. "Hapana. Chagua kitu kimoja kiwe na sauti. Blauzi ya kitenge, au hereni, au kola ya rangi. Suti ikiwa na sauti tatu, hakuna atakayesikia unachosema." Wakachukua blauzi ya manjano iliyoiva. Nami nakiri, kama fundi, kwamba ilikuwa sawa kabisa. Viatu vya kisigino akaambiwa avibebe kwenye mkoba, atembee na vya chini kutoka stegini.

Koti shilingi 600. Suruali 350. Blauzi 150.

Usiku huo niliifunua cherehani yangu ya zamani. Nilipunguza kiuno cha koti, nikafupisha mikono ifike kwenye kifundo, nikakunja upindo wa suruali. Nikiwa nakunja ule upindo, Roho Mtakatifu akanikumbusha leso. Mkono ni uleule, mpendwa. Mkono ulioonyesha leso ndio huu ulioshika sindano. Nililia juu ya mashine.

Ndipo nikafungua Zekaria 3. Kuhani mkuu Yoshua amesimama mbele ya malaika wa Bwana, na nguo zake ni chafu kweli. Si uongo, si masengenyo. Shetani amesimama mkono wake wa kuume, kazi yake ni kumshtaki. Bwana anafanya nini? Anamkemea mshtaki. Halafu anaagiza Yoshua avuliwe zile chafu na avikwe nyingine safi, na kilemba juu. Tazama, hakuvuliwa akaachwa. Za kubadilisha zilikuwepo. Na baada ya kuvikwa ndipo akapewa maagizo ya kazi.

Nimehubiri sura hiyo mara nyingi nikijiona upande wa Yoshua. Usiku ule niliona kwamba Jumapili ile ya 2014 nilikuwa nimesimama mkono wa kuume, nikimshtaki mtu ambaye hata nguo zake hazikuwa chafu.

Mtauliza kama binti alipata kazi. Ile ya Upper Hill hakupata. Ya pili hakupata. Ya tatu alipata, ofisi ndogo Westlands, akiwa na suti ileile na blauzi ileile. Simwambii mtu kwamba suti ndiyo iliyompa kazi. Mungu alimpa, na hesabu alizijua. Lakini aliniambia kwamba katika vyumba vyote vitatu aliketi bila kufikiria nguo zake. Hilo lilinitosha.

Na yule dada wa kwaya? Nilitafuta namba yake kwa miezi miwili. Nikampigia, nikajitambulisha, nikasema, "Dada, nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe." Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Nilikusamehe zamani, Pasta. Lakini ile leso sijaisahau." Nikamwambia asiisahau, na mimi sitaisahau. Anaabudu kwingine, anaendelea vizuri. Sikumwomba arudi. Niliomba ruhusa ya kulikiri kosa langu kanisani, bila kumtaja jina, naye akakubali. Jumapili iliyofuata nikalikiri palepale nilipolifanyia.

Tangu hapo tuna kabati katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Kina dada wenye suti zisizowatosha tena huzileta, zimefuliwa na kupigwa pasi. Anayeitwa kwa mahojiano huja, huchagua, nami humrekebishia bila malipo. Zile leso za mlangoni tuliziondoa. Akina mama huzitumia kubebea watoto.

Dada yangu, kama leo unaingia lango la ofisi ukiona unatazamwa, ingia. Aliyekuita kwenye kazi hiyo anakujua. Ndugu yangu, baba, mhubiri mwenzangu, jiulize umesimama upande gani wa mwanamke aliye mbele yako: unamshtaki, au unamtafutia vazi safi?

Tuombe. Baba, asante kwa mikono ya dada zetu inayofanya kazi katika jiji hili. Walinde stegini, barabarani na ofisini. Wanaotafuta kazi, wafungulie mlango. Sisi tuliowaaibisha kwa jina lako, tusamehe, utufundishe kuvika. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama una suti nzuri isiyokutosha, usiiache ikae bure kabatini kwako. Ilete Jumapili. Na kama una mahojiano wiki hii, andika siku yake hapa chini, tukuombee kwa siku hiyo.