Tangi la Samaki na Maji ya Udhu



Sisi wa Kuluva, kusini ya Arua, maji tunayahesabu kwa jerikeni. Watoto wetu walipopata tangi la kioo la kufugia samaki wakatuuliza: linachukua lita ngapi? Ni swali la maana, maana dawa ya samaki hutiwa kwa hesabu ya lita, na ikizidi huwaua.

Tukachukua rula tukapima kwa ndani: urefu sentimita 60, upana 30, na kina cha maji (si cha kioo) 25. Ukizidisha unapata 45,000. Gawa kwa 1,000, ni lita 45. Mawe ya chini hupunguza kidogo.

Hapo mdogo wao akauliza kama maji yale yanafaa kutawadhia. Ndugu, swali la samaki likawa la tohara! Katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi hapa Uganda, maji yasiyofika qullatayn, yaani mitungi miwili mikubwa, yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama hayakubadilika. Yakifika, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Wanavyuoni walilikadiria kwa sanduku la dhiraa moja na robo kila upande. Dhiraa ikiwa sentimita 48, upande ni 60, na ndani mna lita 216, karibu jerikeni 11 za lita 20. (Yapo makadirio ya chini ya 200, na yapo ya 270.)

Basi tangi letu halifiki hata robo. Samaki akifia humo hakuna neno, mzoga wake ni tohara, na choo chake kimesamehewa kisipobadilisha maji. Lakini kuku akinya humo, si maji ya udhu tena.

Tangi la samaki ni dogo. Kubwa ni pipa la uani, ambalo nyumba nzima hutawadhia wakati wa kiangazi. Nusu ya mdomo wake ni sentimita 28.5, kina cha maji 80. Zidisha 3.14 kwa 28.5 kwa 28.5 kwa 80: lita 204. Limejaa, na bado halijafika! Ndugu waliosoma kwa mashekhe wa Sudan, ambako madhehebu ya Imam Malik yameenea, hutazama kubadilika kwa maji tu, na kwao jambo ni jepesi zaidi.

Pipa letu sasa lina kifuniko cha bati, na kata ya kuchotea hutundikwa juu, mbali na kuku.