Mwisho wa Paipu

Mama alidhani ni mchwa. Sukuma za karibu na tangi zilikuwa zimenona vizuri, lakini za mwisho, kule karibu na ua, zilikuwa za manjano na zimejikunja.

"Nyathina, si wewe ndiye ulisomea mabomba?" akaniambia. "Hebu angalia."

Nilisomea mabomba, kweli. Miaka mitatu ya uhandisi wa petroli, halafu karo ikakatika nikarudi Magunga. Siku hizi naandikia watu makala mtandaoni, na malipo huingia kwa simu yakijisikia. Kwa Mama bado mimi ni fundi wa mafuta.

Haya yote yaliletwa na Ngamia-1. Machi 2012 nilikuwa darasa la sita Rais Kibaki alipotangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana. Darasa zima tulikuwa matajiri hadi kengele ya jioni. Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, ikaondoka Mombasa. Mwezi uliofuata nikaingia chuo.

Huko ndiko nilikojua kwamba hakuna ziwa la mafuta chini ya ardhi. Mafuta hukaa ndani ya vitundu vya mwamba, kama maji kwenye sponji, na mara nyingi chini yake kuna maji. Kisima huweza kuchimbwa wima kisha kikapindishwa, paipu ikalala ndani ya mwamba kilomita nzima au zaidi. Mwanzo wa sehemu hiyo huitwa kisigino, mwisho wake kidole.

Shida ni kisigino. Mafuta ya kidoleni hupoteza nguvu njiani yakisuguana na paipu, kwa hiyo mvuto huwa mkali zaidi kisiginoni. Hapo mafuta hukimbia, na maji ya chini yanavutwa juu. Yakishaingia, kisima kinatema maji, na mafuta ya kidoleni yanabaki yamelala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wanorwei walikuwa na safu nyembamba ya mafuta huko Troll, Bahari ya Kaskazini. Wakaweka kwenye paipu vifaa vya kubana njia ya kuingilia. Kilichonishangaza ni kwamba vifaa hivyo havimsukumi wa mbali. Vinambana wa karibu. Kwenye tundu dogo, kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Anayekimbilia sana ndiye anayezuiwa sana.

Kabla ya kushusha paipu, unajaribu kwanza kwenye kompyuta. Unakata mwamba kuwa maelfu ya vijisanduku, kila kimoja na vitundu vyake, presha yake, mafuta yake na maji yake. Paipu nayo unaikata vipande, kila kipande na kibano chake. Halafu mashine inahesabu mwezi baada ya mwezi, miaka 20 mbele. Modeli yangu isiyo na vibano iliingiwa na maji mwaka wa tatu. Ile yenye vibano sikuiona ikimaliza. Wiki hiyo ilibandikwa orodha ya wasiolipa karo.

Paipu ya Mama niliitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, tundu zote sawa. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

"Si mchwa, Mama. Za mbele zinakunywa, za nyuma hazifikiwi."

Akanyamaza. Tuko watano nyumbani, mimi kitinda mimba. Ng'ombe wa kwanza aliuzwa kwa karo ya kaka mkubwa, wa mwisho kwa karo ya dada anayenitangulia.

"Kama nyinyi," akasema. "Nilidhani wa kwanza akishiba atasukuma mbele."

Sikumjibu. Nilikata paipu ya mbele nikaweka nyingine, nikaitoboa kwa sindano badala ya msumari. Baada ya wiki mbili za mwisho zilianza kurudisha rangi. Za mbele zilipungua kidogo, na Mama hakukosa kulalamika.

Jumapili kaka alipiga simu kutoka Nairobi. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Mama akimtajia deni langu la chuo, hadi shilingi ya mwisho. Nilikuwa nje, nimeshika sindano, nikijifanya sisikii.